Mabinti Niliowaazima Siku za Giza

Walisema sitamaliza hata msimu mmoja. Mjomba wangu alisema nitarudi nyumbani na mimba kabla mvua za vuli hazijaanza. Mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi alisema msichana mwenye miguu kama yangu anafaa kuchota maji, siyo kukimbiza mpira. Mwenyekiti wa timu ya wanaume ya mtaani kwetu alisema mwanamke hawezi kuelewa kuotea hata akikaa darasani mpaka azeeke. Nawataja wote watatu kwa sababu kila mmoja, kwa wakati wake, alikuja kuniomba nimwingize uwanjani bure. Niliwaingiza. Niliwakalisha upande wa jua.

Jina langu ni Nyabweke. Nilikuwa beki wa kati, namba tano, halafu nikawa kocha. Nina diploma ya ualimu wa michezo, iko kwenye fremu sebuleni kwangu hapa Musoma, kwenye ukuta nilioujenga kwa jasho langu. Sikusomeshwa na mjomba wala shangazi. Ninyi mabinti mnaopewa leo njumu mpya na basi lenye viti vizuri, someni haya mjue kazi hii ilivyofanywa, na nani alitaka isifanyike.

Siku yangu ya kwanza nilifika uwanjani peku, na gauni la shule nimelikunja kiunoni. Kocha wetu alikuwa koplo mstaafu wa jeshi, mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Sote tulimwita Mzee Koplo. Alinitazama kuanzia chini kwenda juu.

"Wewe mrefu, unachezaga wapi?"

"Mbele."

"Nani kakuweka mbele?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi umejidanganya mwenyewe. Rudi nyuma."

Nilirudi nyuma nikiwa nimenuna, na huko nyuma nikakaa miaka yote ya uchezaji wangu. Mzee Koplo alinifundisha kwamba beki hatazami mpira. "Mpira unadanganya," alisema, "na miguu inadanganya. Kiuno hakidanganyi. Kiuno kikienda kushoto, mtu amekwenda kushoto, hata kama macho yanakuambia vingine." Alinifundisha tofauti ya kukaba mtu na kukaba nafasi. Ukikaba mtu, unamfuata mshambuliaji mmoja hata akienda kunywa maji. Ukikaba nafasi, unalinda eneo lako, na yeyote atakayeingia humo ni mgeni wako. Alinifundisha pia mtego wa kuotea, yaani mabeki wote wanne kusogea mbele kwa hatua moja ili mshambuliaji abaki nyuma yao peke yake na kibendera kinyanyuke. Hatua moja. Mmoja akichelewa, mtego umewanasa wenyewe.

Nililielewa hilo wiki ya kwanza. Yule mwenyekiti aliyesema mwanamke hawezi, timu yake ilikuwa inafungwa kila Jumamosi kwa mabeki kuchelewa hatua moja.

Kutoka Musoma nikaenda kuchezea timu ya wanawake ya Bunda. Meneja wetu alikuwa bwana shamba mstaafu, mtu mwema lakini mwoga wa wakubwa. Timu ya wanaume ilisafiri kwa basi. Sisi tulipanda juu ya fuso la mahindi, tukafika kwenye mechi tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Tulilala sakafuni kwenye madarasa, tukalindana zamu mlangoni. Nilipomuuliza meneja kwa nini, alisema, "Binti yangu, tushukuru tumepewa fuso." Sikushukuru. Mpaka leo sijashukuru.

Halafu nikaenda Dar es Salaam. Nilicheza huko misimu sita, nikawa nahodha misimu minne, na washambuliaji waliokuwa wanaimbwa redioni walikuwa wananijua kwa majina yote mawili. Goti liliponiharibikia, daktari aliniambia nitafute kazi ya kukaa. Nikatafuta chuo. Darasani tulikuwa wanawake wawili kati ya wanaume wengi, na kwenye mtihani wa mbinu za ulinzi mimi niliongoza. Mkufunzi mkuu alisoma alama zangu mara mbili kwa sauti, ya pili akiwa ameshusha miwani.

Niliporudi Mara, watu walikuwa wananitazama mabegi. Mtu akirudi kutoka Dar lazima awe amerudi na kitu. Nilirudi na cheti, goti bovu na filimbi. Nikapangiwa kufundisha michezo shuleni Butiama, na baada ya miaka michache nikapewa timu ya wanawake iliyochukua mabinti wa Musoma, Bunda na Butiama. Juu yangu kulikuwa na kamati ya mashindano, na mwenye sauti kwenye kamati hiyo alikuwa Katibu. Simtaji jina. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni mwa shati, na hakuwahi kuupiga mpira hata kwa bahati mbaya.

Sasa nieleze jambo ambalo Katibu hakutaka kulielewa, ili ninyi mlielewe.

Karibu nusu ya mabinti wangu walitoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mama zao wanaishi kwa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi mbalamwezi ikiwaka. Kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika na binti yuko huru. Mwezi ukiisha, ndiyo giza. Siku za giza mitumbwi inarudi asubuhi imejaa, na kila mkono wa nyumbani unatakiwa kwenye chanja: kuanika, kugeuza, kukusanya mvua ikitishia. Binti akikosekana siku moja ya giza, dagaa wa mama yake wanaoza upande mmoja.

Mimi nilizaliwa mwaloni. Niliipanga timu yangu kwa mwezi. Mazoezi makali mwezi ukiwa mkubwa, mapumziko siku za giza. Hata maneno ya uwanjani niliyatoa huko. Nikisema "anika", wanatawanyika uwanja mzima. "Geuza", mpira unahamishwa upande wa pili. "Kusanya", wote wanarudi nyuma na kubanana. Sikuhitaji kumfafanulia mtu. Walimu wenzangu wenye vyeti walitumia miezi miwili kufundisha jambo ambalo mimi nilifundisha kwa asubuhi moja.

Mwaka tulioingia fainali, nilimpelekea Katibu ratiba yenye siku za giza zimepigwa mstari. Aliiangalia kama mtu aliyeletewa bili isiyo yake.

"Mama, hatuendeshagi mpira kwa mwezi."

"Huendeshi wewe. Mabinti wanaendeshwa na mwezi."

"Sawa, sawa. Fainali itakuwa siku hizo zako za mwanga. Umeridhika?"

Niliridhika, na hapo ndipo nilipokosea. Nilikwenda siku hiyohiyo kuwaambia akina mama kwamba fainali itakuwa kwenye mwanga, kabla sijaona karatasi yenye mhuri. Mtu mwenye diploma anajua kusubiri mhuri. Mimi sikusubiri. Wiki mbili baadaye barua ikatoka: mgeni rasmi ana nafasi tarehe nyingine, fainali imesogezwa. Nilihesabu kwa vidole. Ilikuwa katikati ya giza.

Nilikwenda ofisini. Katibu alikuwa anakula karanga.

"Mgeni rasmi hawezi kumsubiri dagaa," alisema.

"Mabinti hawatakuja."

"Watakuja. Watoto wa kike wanapenda kuonekana. Na wasipokuja, mama, tutajua kwamba timu ya wanawake haina maana, tuifute tupunguze kazi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Timu isipofika, inafutwa. Na mimi nikiwachukua mabinti kwa nguvu nikavunja neno langu kwa mama zao, hakuna mama atakayenipa binti tena, na timu inakufa vilevile, ila polepole.

Kwetu mwaloni kuna njia ya zamani. Mwanamke akiugua au akifiwa siku za giza, anaazima mikono kwa jirani, na akipona anarudisha mwenyewe, siku kwa siku, kwa mwili wake. Pesa hazipokelewi. Ukitoa pesa umemtukana mtu. Na ombi halisemwi ukiwa umesimama. Unafika, unageuza safu moja ya dagaa bila kuambiwa, ndipo unafungua mdomo.

Nilikuwa na mabinti kumi na wanane. Nilikwenda kwa wote. Wa mwisho alikuwa Tabu, golikipa wangu, na mama yake alikuwa na chanja zake kisiwani Rukuba. Nikapanda boti asubuhi. Nilipofika nikainama, nikaanza kugeuza. Mama Tabu aliendelea na kazi yake mpaka nikamaliza safu.

"Unaazima wangapi?"

"Mmoja. Siku tatu."

"Za giza?"

"Za giza."

"Uliniambia mwanga."

"Nilikuambia. Nilikosea."

"Umegeuza dagaa mara ya mwisho lini wewe?"

"Nilizaliwa mwaloni, mama."

"Sijakuuliza ulikozaliwa. Safu yako umeigeuza kama mtu wa ofisini. Angalia, wamejikunja."

Niliangalia. Kweli walikuwa wamejikunja. Nikairudia safu. Alipoona imenyooka, akasema, "Mchukue. Siku tatu utanirudishia wewe mwenyewe, usinitumie mtoto wa mtu. Na mvua ikiwanyeshea dagaa wangu mikono ikiwa imepungua, hao pia ni juu yako."

"Ni juu yangu," nikasema.

Wale wasiokuwa wa mwaloni niliwaomba kwa njia ileile. Mzee Athumani, fundi cherehani wa Manyamanyama kule Bunda, baba wa beki wangu wa kulia Zuhura, alicheka nilipokaa na kuanza kumkusanyia vipande vya kitambaa sakafuni. "Kocha, sisi hatuna giza hapa," alisema. "Lakini Zuhura ndiye mpiga pasi wangu, na wiki hiyo nina sare za shule nzima. Siku tatu zako nitazitaka." Butiama, mama yake Nyangeta, mshambuliaji wangu, alinipa jembe kabla hata sijamaliza kusalimia.

Fainali ilichezwa Musoma. Wapinzani walikuwa timu ya mkoa jirani, wana njumu zinazofanana mpaka za akiba. Nyangeta alifunga mapema, kwa kichwa, kutoka kwenye kona. Mabeki wangu walitega mtego wa kuotea mara saba kipindi cha kwanza, na mara saba kibendera kilinyanyuka. Mzee Koplo angekuwa hai siku ile angekosa la kukosoa, na hilo lingemuudhi.

Kipindi cha pili wingu likasimama juu ya ziwa, upande wa Rukuba. Radi ikalia. Nikawaona mabeki wangu watatu waliotoka mwaloni wanageuza shingo kwa pamoja, na Tabu golini akanyoosha shingo kuliko wote. Hakuna kocha wa Ulaya aliyewahi kuandika kosa hilo kwenye kitabu. Walikuwa wanaangalia mvua itaangukia chanja za nani. Mshambuliaji wao akapita katikati, akaweka mpira wavuni taratibu kama mtu anayeweka kikombe mezani.

Katibu alikuwa amekaa jukwaani nyuma yangu. Nilisikia anamwambia jirani yake, "Si nilisema? Unamtoa mtu mwaloni, mwaloni haumtoki."

Sikugeuka. Nilimwita Zuhura pembeni. "Waambie wanisikilize. Dagaa walioloa nitawalipa mimi. Hawadaiwi wao. Wao wanadaiwa dakika ishirini." Zuhura akakimbia kwa kila mmoja. Nilimwona Tabu akitikisa kichwa, halafu akageukia uwanja, akaliacha ziwa nyuma yake. Nikapiga kelele "geuza", mpira ukahama kulia, Zuhura akapanda nao, akapiga krosi, Nyangeta akamaliza. Nikasema "kusanya", wakabanana kumi na mmoja mbele ya goli lao mpaka refa akapuliza. Mbili kwa moja. Mvua ilitukuta tunashangilia.

Kombe alilipokea Katibu. Alilinyanyua, akapigwa picha, akahutubia. Alisema kamati ilifanya maandalizi kwa muda mrefu. Aliwashukuru wenye magari, wenye maji na wenye vipaza sauti. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye matope na mabinti wangu, na hakuna aliyetuletea hata kiti. Baadaye nilipomuuliza kombe litakaa wapi, akanigonga begani.

"Diploma yako tunaiheshimu, mama. Lakini kombe linakaa ofisini."

Jambo hilo lilinikera wakati ule na linanikera leo. Watu huniambia nisamehe, nimeshakuwa mtu mzima. Nasamehe watu wanaoomba msamaha.

Nilianza kurudisha siku hizo giza lililofuata. Sikuwa na njia ya mkato, kwa sababu giza ni siku chache kila mwezi na mimi nilikuwa na kazi ya shule, hivyo nilitumia likizo na Jumamosi, mwezi baada ya mwezi. Niligeuza dagaa kwenye mialo ya Musoma mpaka goti likavimba. Butiama nilipalilia mihogo ya mama Nyangeta, naye akawa ananipitia nyuma akiondoa majani niliyoyaruka. Manyamanyama nilitakiwa kupiga pasi ya mkaa siku tatu. Siku ya kwanza nilichoma kaptura ya mtoto wa darasa la pili.

"Hii siku haihesabiki," Mzee Athumani akasema. "Kwanza umenirudisha nyuma kwa kaptura moja."

"Mzee, mimi ni kocha bingwa."

"Bingwa, punguza mkaa."

Nikapiga pasi siku nne. Watu walipita na kunitambua. Wengine walicheka, na mmoja wa kamati alisimama makusudi barabarani akasema diploma imefika kwenye pasi. Nilimjibu kwamba ningekuwa nimevaa suruali yake ningeipiga pasi na yeye akiwa ndani. Alienda zake.

Nilistaafu miaka kadhaa baada ya hapo. Sasa nakaa nyumbani, goti linanitabiria mvua kuliko redio, na Jumamosi nakwenda uwanjani kuwasahihisha makocha ambao hawajaniomba ushauri. Naona kamati mpya, nasikia hotuba mpya za kuinua mpira wa wanawake. Nawaambia mpira huu uliinuliwa na akina mama waliobaki na kazi ya watu wawili ili binti mmoja akacheze. Hawajawahi kusimamishwa jukwaani hata wakapungiwa mkono. Na ninyi mabinti mtakaokuwa makocha, jifunzeni mbinu zote zilizoko kwenye vitabu, mimi nilizijua zote. Lakini mkichukua mtu kutoka nyumba ya mwenzenu, jueni mmempunguzia nini, na mrudishe kwa mikono yenu wenyewe.

Nimebakiza kuwasimulia ya Rukuba, kabla sijastaafu. Deni la mama Tabu lilikuwa kubwa kuliko yote, kwa sababu mvua ya fainali iliwakuta dagaa wake kwenye chanja na yeye yuko peke yake. Aliwatupa ndoo kwa ndoo. Siku tatu zikawa saba, alizipanga yeye, na mimi sikubishana. Nilimwachia mwisho kwa kuwa nilitaka nifike nikiwa sidaiwi kwingine.

Siku ya saba, jua likiwa kali na mimi nimeinama kwenye chanja ya mwisho, simu ikalia. Mikono yangu ilikuwa imejaa magamba. Mama Tabu akaichukua mfukoni mwangu, akaibonyeza, akaniwekea sikioni. Alikuwa Katibu.

"Mwalimu, habari za siku. Kuna ugeni mkubwa keshokutwa. Wanataka kuwaona mabinti na kombe. Waandae, wavae jezi, wapendeze."

"Keshokutwa ni giza."

"Ndiyo maana nimekupigia wewe. Wazungumzie tena akina mama, wewe si unajua lugha yao. Azima tena siku moja tu."

"Nani atairudisha?"

"Kurudisha nini?"

"Siku. Mabinti kumi na wanane, siku kumi na nane. Nani atakuja kugeuza dagaa?"

Akacheka. Mimi sikucheka, basi akaacha. "Mwalimu, wewe ni mtu msomi."

"Ndiyo maana nimehesabu. Boti ya Rukuba inaondoka asubuhi. Njoo bila viatu hivyo vyako, ugeuze safu moja kabla hujasema kitu, halafu uombe mwenyewe. Ukipewa, mimi nitawavalisha jezi."

"Hivi unajua unaongea na nani?"

"Najua. Na kombe unalo wewe. Waonyeshe hilo."

Mama Tabu akaiondoa simu sikioni mwangu, akaitazama, akaikata kwa kidole gumba kana kwamba anaua siafu. Akairudisha mfukoni mwangu.

"Ndiye yule wa tarehe?"

"Ndiye."

"Safu hiyo ya mwisho bado."

Nikaigeuza. Alipita nayo kutoka mwanzo hadi mwisho, akiinama, akichukua dagaa mmoja hapa na mmoja pale, akiwaangalia mgongoni na tumboni. Alikwenda polepole kuliko refa yeyote aliyewahi kukagua njumu zangu. Hakukuwa na aliyejikunja. Alisimama, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Basi," akasema. "Tumemalizana."

Nikashuka ziwani, nikanawa mpaka kwenye viwiko. Boti ilikuwa inajazwa magunia. Siku ile, kuanzia Rukuba, Musoma na Bunda hadi Butiama, hakukuwa na mzazi hata mmoja aliyekuwa ananidai.